Nimependa mvumo usio na ngoma: nitaupata wapi mwingine?

*"Habari, Mwalimu. Nina miaka 24 na nina kibanda cha vifaa vya simu hapa Kondele, Kisumu. Miezi michache iliyopita rafiki yangu alinichezea kazi ya KMRU kutoka albamu inayoitwa Peel. Hakuna ngoma, hakuna anayeimba, ni mvumo tu unaojigeuza polepole, na nilijikuta nimesahau kumpa mteja chenji yake. Tangu siku hiyo natafuta muziki wa namna hiyo na siupati. Programu yangu ya muziki hunirudisha kwa amapiano kila wimbo ukiisha. Nikisoma mtandaoni nakutana na majina ya Wajerumani wa zamani na mashine za bei ya gari. Nyingine nikizisikiliza nachoka baada ya dakika mbili, mpaka najiuliza kama kweli naupenda au najifanya. Kaka yangu anasema ni kelele za mashetani na kwamba naiga Wazungu. Na data si bure. Nianzie wapi?"*

Dada yangu, anayejifanya hasahau chenji ya mteja. Hilo la kujifanya nitalirudia kwa sababu lina mzizi wake, lakini kwanza nishughulikie programu yako, maana naona ndiyo iliyozaa nusu ya mashaka yako.

Programu hizi hazisikilizi muziki jinsi unavyousikiliza wewe. Kazi yake kubwa ni kuhesabu: nani amecheza nini, na baada ya hicho akacheza nini. Nyimbo mbili zikichezwa sana na watu wale wale, programu huziona majirani, na ukigusa moja inakuletea ya pili. Amapiano ina mamilioni ya wasikilizaji, kwa hiyo ina majirani kila upande. Kazi ya mvumo yenye wasikilizaji, tuseme, mia tatu waliotawanyika kati ya Tokyo na Nakuru haina jirani wa kutajika. Programu ikikosa hesabu ya kufanyia kazi hurudi kwenye kile ambacho ina uhakika hutakikataa, yaani kile wanachocheza vijana wengine wa Kenya wa umri wako. Biashara hii unaijua mwenyewe. Unajaza kibanda chaja za Type-C kwa sababu ndizo zinazoulizwa kila saa. Anayekuja na simu ya pini ndogo anaondoka mikono mitupu, na kwa kuwa ameondoka mikono mitupu, daftari lako la mauzo halitaonyesha kamwe kwamba wateja wa pini ndogo wapo.

Kuna na suala la pesa. Spotify, programu ya muziki iliyofika Kenya Februari 2021, huhesabu kwamba wimbo umechezwa baada ya sekunde 30, na hulipa kwa kila mara unapochezwa bila kujali urefu wake. Kazi ya dakika 20 inalipwa sawa na kibao cha dakika 2. Tangu mwaka 2024, wimbo ambao haukufikisha kuchezwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haulipwi chochote. Anayetunga mivumo mirefu kwa watu wachache hana sababu kubwa ya kupeleka kazi zake zote huko, na baadhi yao hawapeleki. Kwa hiyo unatafuta kisimani ambamo maji mengine hayakumwagwa kabisa.

Njia waliyoitumia wapenzi wa muziki huu tangu enzi za kanda na santuri ni kufuata majina. Kila albamu ina watu nyuma yake: aliyetunga, lebo (yaani kampuni) iliyoitoa, fundi aliyeipitisha mkono wa mwisho kabla haijatoka, wenzake aliowashukuru. Chukua jina moja kati ya hayo, liulizie limefanya nini kingine, kisha sogea hatua moja. Nikuonyeshe kwa albamu hiyo hiyo iliyokushika.

KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi. Ndiyo, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mkubwa wa Kikuyu ambaye wazee wako pengine walikuwa na santuri zake, hata kama ni Wajaluo. Peel ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego, iliyokuwa ikiendeshwa na Peter Rehberg huko Vienna mpaka alipofariki 2021. Sasa tazama lebo hiyo ilitoa nini kingine. Mwaka 2012 ilianzisha tawi liitwalo Recollection GRM, la kutoa upya kazi zilizotengenezwa katika GRM, kituo cha utafiti wa sauti kilichoundwa Paris mwaka 1958 na Pierre Schaeffer. Humo utamkuta Bernard Parmegiani na kazi yake ya 1975, De Natura Sonorum, ambamo sauti za vitu vya kawaida zinanyooshwa na kukatwa mpaka huzijui tena. Utamkuta pia Beatriz Ferreyra, mwanamke wa Argentina ambaye kwa miaka mingi jina lake lilitajwa na wachache sana. Hatua tatu tu kutoka kibanda chako na umeshapata kazi ya kukutosha miezi miwili, wala programu haikusaidia chochote.

Rudi kwa Kamaru mwenyewe uelekee upande mwingine. Ametoa kazi nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Mojawapo ni Temporary Stored ya 2022, iliyojengwa kwa rekodi za sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Ukitoka kwake nenda kwa Nyokabi Kariũki, mtunzi Mkenya ambaye peace places: kenyan memories ya 2022 imeshonwa kwa sauti alizorekodi hapa nyumbani. Huyu nampenda kwa sababu ni mpole bila kuwa mwepesi. Ukitaka kinyume chake kabisa, wasikilize Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ni mayowe na mashine zinazopasuka, au Slikback, Mkenya mwingine, katika Lasakaneku ya 2018. Hao walitolewa na Nyege Nyege Tapes na tawi lake Hakuna Kulala, za Kampala.

Ujanja mmoja ambao wageni wa mambo haya hawaujui: mfuate fundi wa mwisho, yule anayesawazisha sauti kabla ya albamu kutoka. Watunzi wa muziki huu huwachagua mafundi hao kwa makini sana, kwa sababu fundi asiyeuelewa anaweza kuua mvumo kwa kuupandisha sauti tu. Rashad Becker wa Berlin, kwa mfano, amezipitia albamu za aina hii kwa mamia. Ingia Discogs, ile orodha kubwa ya rekodi iliyoanza mwaka 2000, andika jina lake, na utapata ramani ya muziki wa majaribio ambayo huwezi kuimaliza. Discogs yenyewe haihifadhi muziki, ni majina na miaka zaidi, kwa hiyo usipogusa video zilizounganishwa humo, data inayokula ni kidogo.

Sasa kaka yako. Hilo la kuiga Wazungu lina jibu fupi la kihistoria. Vitabu vingi huanza hadithi hii Paris mwaka 1948, Schaeffer alipokata na kupanga upya sauti za treni. Lakini mwaka 1944, miaka minne kabla, kijana wa Misri aitwaye Halim El-Dabh, aliyekuwa amesomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio cha Cairo, akaenda kurekodi sherehe ya wanawake, kisha akarudi studio na kuichakata. Alipunguza sauti za chini za maneno, akaacha mwangwi na zile sauti ndogo za juu zinazoizunguka kila sauti, mpaka waimbaji wakawa wingu. Hiyo ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa duniani za muziki wa namna hii, na ilifanyika Afrika. Kipande chake kinapatikana kwa jina la Wire Recorder Piece. Sherehe aliyoirekodi ilikuwa zaar, ya kupunga pepo. Kwa hiyo la mashetani kaka yako hakulikosa kabisa, ingawa sidhani ndicho alichomaanisha.

Baada ya El-Dabh mstari haukukatika. Francis Bebey wa Kamerun aliacha kazi UNESCO katikati ya miaka ya 70, akakaa nyumbani kwake Paris na mashine ya midundo, filimbi na sanza, ala ya vijiti vinavyopigwa kwa vidole gumba. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa mwenyewe albamu nane kati ya 1977 na 1985, zimejaa sintesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, kisha akaokoka na kukataa kabisa kuzizungumzia. Mamman Sani wa Niger alirekodi mwaka 1978 kanda nzima kwa kinanda kimoja cha umeme, na katika albamu zote nilizotaja, ukiniuliza, hiyo ndiyo ningekupa usiku wa leo, maana inaanzia pale pale Peel ilipokushika. Hailu Mergia wa Ethiopia alitoa kanda yake 1985, kisha akaishia kuendesha teksi Washington, kinanda kikiwa garini, mpaka kanda ile ilipotolewa upya 2013.

Utasikia watu hawa wakiitwa "waliosahaulika". Neno hilo huniudhi kidogo. Kwao hawakusahaulika, kilichokosekana ni barabara ya kuwafikisha kwako wewe. Na barabara hiyo, tuwe wakweli, imejengwa zaidi na lebo ndogo za Ulaya na Marekani. Nyingine huwalipa wasanii vizuri na husema wazi zinagawana vipi. Ukikuta lebo ya kutoa upya kazi za zamani isiyosema lolote kuhusu msanii au familia yake, tafuta kwingine.

Kuna sehemu nadhani hukuitarajia. Sikio lako lilishafundishwa muziki huu kabla hujazaliwa. Fikiria nyatiti. Nyuzi nane, nne za chini na nne za juu, zinapigwa kwa kupishana mpaka huwezi kusema ni mkono upi unaoongoza. Mpigaji ana pete ya chuma kidoleni mwa mguu, anagonga nayo ukingo wa ala. Njuga za gara zinalia mguuni. Mzunguko ule ule unarudi mara mia, na asiyezoea anasema "mbona ni wimbo mmoja?" Anayeujua anasikia kinachohama: uzi mmoja umepigwa kwa nguvu zaidi, mgongo wa mdundo umesogea, sauti imeanza kukwaruza. Ukienda Kisii utakuta obokano, ala kubwa ya nyuzi ambayo imetengenezwa makusudi itoe mkwaruzo mzito kama nyuki kwenye mzinga. Mkwaruzo ule ndio unaotakiwa. Fundi akiitengeneza ala ilie safi, wenyewe watairudisha. Kwa hiyo mtu wa magharibi mwa Kenya akisema mvumo wenye mikwaruzo ni kitu cha Wazungu, muulize amewahi kukaa karibu na mpigaji wa obokano au la.

Kinachotokea kichwani ni hiki. Uzi mmoja ukitikisika hautoi sauti moja; hutoa sauti ya msingi na juu yake rundo la sauti ndogo, na uwiano wa rundo hilo ndio unaokuambia hii ni nyatiti na ile ni gitaa. Katika wimbo wa kawaida hatuna muda wa kulisikia rundo kwa sababu maneno na mdundo vinavuta akili. Ukiondoa maneno na mdundo, ubongo hutafuta cha kushika. Kwa dakika chache za mwanzo hautakipata, na hali hiyo tunaiita kuchoka. Kisha unaanza kulisikia lile rundo likihama, na hapo dakika kumi zinapita bila wewe kujua. Hizo dakika mbili zako za kuchoka ziko pale pale mlangoni.

Hata hivyo si kila kuchoka ni mlango. Kazi nyingine za mvumo ni mbaya, na ni rahisi mno kutengeneza mbaya: bonyeza kitufe kimoja, weka mwangwi, andika jina la kishairi. Mimi hutumia kipimo cha aina moja. Sikiliza robo saa mara moja bila kufanya kazi nyingine, kisha siku nyingine tena robo saa. Mara ya pili ikiwa husikii lolote ambalo hukulisikia mara ya kwanza, achana nayo bila aibu. Kuna watunzi wanaoheshimiwa sana ambao hawanifiki hata kidogo, na sehemu kubwa ya muziki wa kelele tupu hunichosha kabla ya nusu. Hakuna mtihani. Pia usianze na vilele virefu. Éliane Radigue wa Ufaransa alifanya kazi ya ajabu kwa sintesaiza moja na kanda, lakini Trilogie de la Mort ina sehemu tatu, kila moja karibu saa nzima. Ngoja ufike huko mwenyewe.

Halafu nikuulize: unasikiliza kwa kifaa gani? Ikiwa ni kwa spika ya simu, huenda muziki wenyewe haujakufikia. Spika ndogo kama ile haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Chini ya hezi 200 hivi, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde, karibu kila kitu hufifia. Kwa amapiano hutambui sana, kwa sababu besi yake ina sauti ndogo nyingi za juu na ubongo hujaza chini kwa kukisia. Mvumo laini mzito hauna sauti ndogo hizo, kwa hiyo hutoweka kabisa na unabaki na upepo tu. Hedifoni za kawaida za waya unazouza mwenyewe kibandani zinatosha kuanzia. Kwa kazi hii napendelea waya kuliko bluetooth za bei rahisi, ambazo baadhi yake hukata sauti zikidhani kumekuwa kimya.

Mashine za bei ya gari zipo, na picha zake ni nzuri, lakini kama ulivyoona, El-Dabh aliazima kinasa sauti na Sani alikuwa na kinanda kimoja. Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya kwa simu mbili na spika ndogo. Mwaka 1969 Mmarekani Alvin Lucier alijirekodi akisoma maneno machache, akaicheza rekodi hiyo chumbani huku akiirekodi upya, akaicheza hiyo mpya na kuirekodi tena, akaendelea hivyo. Kazi inaitwa I Am Sitting in a Room. Kila mzunguko maneno yanapungua makali, mpaka yanayeyuka na kubaki milio mirefu inayoimba kwa lafudhi ya maneno yaliyokuwapo.

Sababu yake ni chumba. Kila chumba kina sauti zinazolingana na vipimo vyake. Zikigonga ukuta na kurudi hujiongeza, na zingine hujifuta. Katika rekodi moja tofauti ni ndogo hata huioni. Rudia mara kumi na tano na zile zinazopendelewa zinameza zote. Chumba cha zege kisicho na pazia kitakupa matokeo haraka. Chumba chenye makochi na mazulia kitachelewa. Chini ya mabati nusu kazi inafanywa na mabati. Kati ya kuta zilizoachana mita 4, sauti ya kwanza ya chumba huwa karibu hezi 43, ambayo spika yako haiwezi kuitoa, kwa hiyo utakachosikia ni ndugu zake wa juu. Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele, la sivyo simu itakufutia muziki ikidhani inakusaidia. Ukitaka kuzipanga rekodi baadaye na kuna kompyuta unayoweza kutumia, Audacity ni ya bure. Hata kama huna nia ya kutunga, ukilifanya jaribio hili mara moja utasikiliza Peel kwa sikio jingine.

Data. Muziki wa kawaida wa mtandaoni, kilobiti 128 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 1 kwa dakika. Albamu ya dakika 40 ni megabaiti 40 hivi. Ukiifungua kwa video unaweza kulipa mara kadhaa ya hapo kwa ajili ya kutazama picha moja isiyosogea. Kwa hiyo ingawa YouTube ina karibu kila kitu, na hata mimi huitumia kuchungulia, si pa kukaa. Redio za mtandaoni kama NTS ya London, iliyoanza 2011, hazina matangazo na zina hifadhi kubwa ya vipindi vya zamani vyenye orodha ya nyimbo. Humo kuna watangazaji ambao masikio yao utayaamini baada ya vipindi vichache. Tatizo lake ni kwamba kila usikilizapo unalipa data upya.

Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ndipo ningekupeleka kwanza. Kazi nyingi unaweza kuzisikiliza nzima kabla ya kununua, ukurasa wa kila lebo unaonyesha kila ilichotoa, na chini ya albamu utaona walioinunua: gusa mmoja, tazama amenunua nini kingine, na umerudi kwenye ule mchezo wa kufuata majina. Baadhi ya wasanii huacha ujipangie bei, hata sufuri, na ukishapakua ni yako, hakuna data tena. Bandcamp hukata kwa kawaida asilimia 15 ya muziki wa kupakua, na mara kwa mara huwa na Ijumaa ambayo haikati chochote. Ukiwa na hela kidogo, subiri siku hiyo. Kulipa kunahitaji kadi au PayPal, lakini kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, imeondoa kikwazo hicho kwa wengi. Ubaya wa Bandcamp ni kwamba ni rahisi kununua vitu ambavyo hutavisikiliza. Kwa mshahara wa kibanda, albamu moja kwa mwezi ni nyingi ya kutosha.

Ukitaka kumnyamazisha kaka yako kwa upole, mchezee Otim Alpha wa Gulu. Gulu City Anthems, iliyotoka 2017, ni nyimbo za harusi za Waacholi, larakaraka, zilizorekodiwa kati ya 2004 na 2015 huku kompyuta ikichukua nafasi ya bendi nzima. Kiacholi ni ndugu wa Dholuo, atashika maneno mengine na atakasirika akikosa mengine. Kisha mpe Nyanza ya Owiny Sigoma Band, 2015, nyatiti na sintesaiza katika chumba kimoja, na Auma ya Odd Okoddo, 2019, ambamo Olith Ratego anaimba juu ya midundo ya Mjerumani Sven Kacirek. Mvumo wako mwachie baadaye, au usimwachie kabisa.

Kuna mambo ambayo simu haitakupa. Muziki huu ukisikika kwenye spika kubwa, na watu wengine wamekaa kimya pembeni yako, ni kitu tofauti. Nairobi ndiko kuliko na mengi. Shirika liitwalo Santuri lina shule ya muziki wa kielektroniki huko. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza 2015 Jinja, liko karibu nawe kuliko Nairobi ukipitia Busia. Lina umati mkubwa na sehemu kubwa ya programu yake ni ya kucheza tu, kwa hiyo nenda na wenzako na ujue jukwaa unalolitaka. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kulizuia, kwa sababu ambazo kaka yako angezipenda. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha muziki. Omba kuhudhuria maonyesho ya wanafunzi, na uliza ni nani anayepiga nyatiti Siaya siku hizi anayekubali mgeni akae karibu. Hilo halina malipo ila nauli na heshima.

Mwisho, masikio yako, kwa kuwa utakuwa ukivaa hedifoni kutwa kibandani, na kelele za Kondele zitakushawishi upandishe sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza usizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Mtu aliye hatua moja nawe akilazimika kupaza sauti ili umsikie ungali umevaa, umezidisha. Sikio likilia ngiii na halijanyamaza baada ya siku moja au mbili, nenda kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia. Sikio moja likizima ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema, na kusubiri lifunguke lenyewe kunaweza kukugharimu usikivu huo moja kwa moja.